Kijaluba cha Kaka Nilichokipanga Upya

Kaka yangu alikuwa haoni, na watu wawili tu ndio waliokuwa wakijua: yeye mwenyewe na mkewe. Mimi sikuwamo. Kila Jumapili nilikula mezani kwao, kiti changu kikigusana na chake, nikamtania naye akanitania, na sikujua kitu. Huwa najiambia kwamba ningejua nisingekigusa kile kijaluba. Labda. Lakini pia sikuwahi kuuliza.

Watu walimwita Korongo kwa sababu ya miguu yake mirefu mikavu, na kwa jinsi alivyoweza kusimama ndani ya mto nusu saa nzima bila kutikisika. Alikuwa kiongozi wa wavuvi kwenye kambi ya juu mlimani, ambako wageni huja kuvua trauti, yule samaki wa maji baridi mwenye madoadoa ubavuni. Kazi ya kiongozi ni kumfikisha mgeni mtoni au ziwani, kumwonyesha pa kusimama, kumshika mkono asiteleze, na juu ya yote kumchagulia nzi.

Nzi hao ni wa bandia. Ni ndoana ndogo iliyovishwa uzi, unyoya na nywele za mnyama mpaka ifanane na mdudu. Mgeni anamrusha juu ya maji, na samaki akidanganyika, basi. Mimi nilikuwa mfungaji wa hao nzi. Shule niliiachia darasa la sita, nikahangaika na vibarua, mwisho nikaingia karakana ya nzi chini mjini na kukaa meza ileile, mbele ya jiliwa lilelile la kubania ndoana, miaka ishirini na tatu. Tulikuwa wafungaji kumi na mmoja kwenye chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Feni ilikuwepo lakini hakuna aliyethubutu kuiwasha. Ukitaka kupiga chafya unatoka nje, maana ukiipiga ndani unarusha manyoya ya watu watatu, na hapo utatukanwa mpaka jioni.

Nilikuwa mzuri. Sisemi kwa kujivuna, hata msimamizi alikuwa anawapeleka wanunuzi mezani kwangu kwanza. Nzi wangu walikuwa sawa kama mapacha. Mabawa yalisimama, mkia ulinyooka, rangi zilishikana. Rangi hasa ndiyo ilikuwa fahari yangu. Nilikuwa napaka manyoya ya shingo ya jogoo rangi mwenyewe, kwenye sufuria, na nilikuwa na aina saba za kijani.

Korongo hakuvutiwa.

"Nzi wako wazuri mno, bwana mdogo," alikuwa akiniambia. "Hawa ni wa kuvalia harusini."

"Na wako wanafanana na uchafu ulioziba sinki."

"Ndiyo. Na samaki anakula uchafu."

Shemeji alikuwa akitucheka. "Mkimaliza kugombea wadudu, kuna watu wanasubiri chumvi."

Kaka alikuwa na utaratibu wake wa kuchagua, na hakuuvunja hata siku moja. Akifika mtoni hafungui kijaluba. Kwanza anaingiza mkono majini, anageuza jiwe, anapitisha kidole gumba chini yake. Kama kuna vibanda vidogo vya changarawe vilivyonata, ndani yake kuna buu, na samaki wanakula chini. Hapo anatoa nzi mzito mwenye ushanga wa shaba kichwani. Kama jiwe ni tupu anageuza la pili, na la tatu. Halafu anasikiliza. Samaki anayerukia mdudu mkubwa juu ya maji hupiga kishindo, chubwi. Anayefyonza kitu kidogo kilichoning'inia chini ya uso wa maji hutoa sauti ndogo tu, kama mtu anayeonja chai ya moto. Ziwani, ambako hakuna mkondo wala mawe ya kugeuza, alikuwa anategemea sauti hiyo kuliko kitu kingine.

"Ukubwa kwanza," alisema. "Halafu umbo. Halafu kina. Rangi ni ya kumfurahisha mnunuzi."

Mimi mwenye kijani saba niliona ananitukana.

Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona mwanga na giza, anaona mti ulipo na mtu aliposimama, lakini kitu kidogo kilichokuwa karibu kwake kilikuwa ukungu mtupu. Hospitali ilishampa tarehe ya upasuaji, wiki tisa mbele. Alichokitaka ni kimoja: kuzimaliza hizo wiki tisa akiwa bado kiongozi. Kambi ilikuwa hivi, ukishatolewa nafasi yako inapewa mwingine, na huyo mwingine akiizoea hatoki. Mto alikuwa anaujua kwa miguu. Kufunga nzi kwenye uzi ndiyo kazi iliyomshinda, kwa hiyo aliwaambia wageni, "Funga mwenyewe, ujifunze." Wageni walipenda. Walidhani wanapewa somo. Na mimi nilipolisikia hilo nilidhani kaka ameanza uvivu na maringo.

Nzi wa kuwatoa alikuwa anawajua kwa kijaluba chake. Kilikuwa kijaluba cha bati, ndani kimebandikwa sponji, na nzi wamechomekwa safu kwa safu. Kutoka kwenye bawaba: safu ya kwanza wazito wenye ushanga, ya pili wazito wadogo, ya tatu wale weusi wadogo wa kuzama kidogo, ya nne wa kuelea, na kuendelea. Kati ya safu na safu alichomeka njiti ya kiberiti iliyokatwa. Kidole kinatoka kwenye bawaba, kinavuka njiti, kinahesabu, kinachukua. Mtu asiyejua angeona fujo tu. Ndani ya safu moja kulikuwa na mweusi, kahawia na zambarau, wengine wametafunwa na samaki mpaka unyoya umebaki mmoja, na njiti zimesimama ovyo kama mabua baada ya mavuno. Mimi niliona fujo.

Jumapili moja shemeji alisema kambi imepata meneja mpya, mwanamke, na kwamba Jumatano atapanda nao ziwani. Daktari mmoja wa meno aliyekuwa mgeni wa miaka mingi anakuja, na meneja anataka kuona viongozi wake wakifanya kazi.

"Ameanza na mimi," kaka alisema, "kwa sababu mimi ndiye mzee."

"Basi uvae suruali isiyo na kiraka," nikamwambia.

"Wewe njoo uione hiyo suruali. Chukua ruhusa, upande nasi. Hujawahi hata kumwona nzi wako akiloa."

Ilikuwa kweli. Miaka ishirini na tatu, na nilikuwa nimefika ziwani mara mbili. Nikaomba ruhusa karakana. Siku mbili zile nikafunga nzi arobaini, wazuri kuliko wote niliowahi kufunga, nikawaweka kwenye kopo la peremende. Nilijiambia nawafunga kwa ajili ya kaka. Meneja akimfungulia kijaluba asione takataka, aone kazi ya watu. Na kama atauliza kazi hii ni ya nani, kaka atajibu. Hilo nalo nililifikiria, siwezi kulikana.

Jumatano asubuhi nilifika kwao mapema. Kaka alikuwa uani akifunga mabuti na fito za kuvulia juu ya gari. Kijaluba kilikuwa mezani sebuleni, kando ya kikombe chake. Nikakifungua. Nikang'oa njiti zote. Nikawatoa nzi wake wakongwe, nikawafunga kwenye kipande cha gazeti na kukitia mfuko wa koti. Halafu nikawachomeka wangu, nimewapanga kwa rangi: weupe, njano, chungwa, wekundu, kijani zangu saba, kahawia, weusi mwishoni kabisa. Mwanga wa dirishani ukawapiga. Nikasema moyoni, sasa hiki ndicho kijaluba.

"Unafanya nini huko kimya kimya?" shemeji akauliza kutoka jikoni.

"Nanoa ndoana."

"Haya. Uzinoe, usije ukazila."

Kaka akaingia, akakipapasa kijaluba mezani, akakikuta kimefungwa, akakitia mfukoni. Tukaondoka, dereva wa kambi akiendesha. Nilimficha makusudi. Nilitaka akifungue kule, mbele ya watu, ashangae.

Ziwa lile limekaa kwenye bakuli la mawe, maji meusi, na asubuhi ile hapakuwa na upepo. Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kofia pana na mabuti yaliyokwisha chakaa. Nikajua huyu si wa ofisini tu. Daktari wa meno alikuwa mtu wa maneno mengi. Alianza kuongea kambini na tulipofika ukingoni alikuwa bado hajapumua.

"Daktari," kaka akasema, "nyamaza kidogo nisikie."

Daktari akanyamaza. Kaka akainamisha kichwa upande. Sisi wote tukabaki tumesimama kama watu waliopigwa picha. Sikusikia kitu. Halafu nikasikia: fyu. Kimya. Fyu. Kulia kwetu, karibu na majani.

"Hao hawarukii kitu," kaka akasema. "Wanafyonza. Mabuu ya usubi yanapanda juu kugeuka wadudu, yananing'inia chini ya uso wa maji, nao wanayaokota. Tunataka mweusi mdogo. Asielee. Azame urefu wa kidole, si zaidi."

Meneja akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona. Mpaka hapo kaka alikuwa ameshafaulu.

Akakitoa kijaluba, akakifungua. Kidole chake kikaanzia kwenye bawaba, kikasogea, kikasita. Kikarudi kwenye bawaba. Nilidhani anashangaa uzuri. Kumbe alikuwa anatafuta njiti. Mwishowe akakisia, akachomoa haraka bila kumpapasa, watu wasione, akampa daktari.

"Huyo. Funga mwenyewe, ujifunze."

Daktari akakitazama kiganja chake. Ndani yake alikuwa amekaa nzi wa chungwa mwenye mabawa ya nywele, mkubwa kama kidole gumba.

"Mzee, huyu ndiye mweusi mdogo?"

"Ndiye."

"Huyu ni wa chungwa. Na kwa ukubwa huu, kesho atataga mayai."

Tukacheka. Kaka naye akacheka, haraka. "Nilikuwa nakupima kama uko macho, daktari." Akampokonya yule nzi, akamrudisha, na sasa vidole vyote vinne vikaingia ndani ya kijaluba, vikapita juu ya migongo ya nzi wangu kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kitanda. Akachomoa mwingine. Akamgusa kwa kidole gumba, akamkadiria udogo. Huyu alikuwa mdogo kweli. Alikuwa mweupe pee.

Daktari hakucheka safari hii. Akanitazama mimi.

Na mimi nikafungua mdomo. Tumezoea utani, mimi na kaka, ndivyo tulivyokua. Kukiwa na aibu mmoja wetu anatupa neno na aibu inapita. Nikasema, "Muache, daktari. Siku hizi hata shemeji anamtambua kwa sauti."

Daktari akaangua kicheko. Kaka hakujibu. Yeye asiyewahi kuniachia neno la mwisho tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, hakujibu. Nikamwona meneja akimgeukia, akimtazama si mikono tena bali macho. Akasogea. Akachukua nzi wawili kutoka kwenye kijaluba, mmoja mwekundu na mmoja wa kijani, akawaweka wote wawili kwenye kiganja cha kaka, taratibu, bila ubaya wowote.

"Mzee, nipe mwekundu."

Kaka akasimama hivyo, kiganja wazi. Akamgusa mmoja kwa kidole gumba, kwenye shingo ya ndoana pale uzi unapomalizikia. Akamgusa wa pili mahali hapohapo.

"Hawa ni nzi wa mdogo wangu," akasema. "Nawajua kwa fundo."

Basi. Hakugeuka kunitazama, hakusema nani alikipanga kijaluba, hakusema jana kilikuwaje. Angeweza kusema: mpaka leo asubuhi nilikuwa najua kila kitu kilipo. Ingekuwa kweli na pengine ingemsaidia.

"Kaa pale kwenye jiwe, mzee, upumzike," meneja akasema. Na sitamlaumu. Mgeni anaposimama kwenye maji ya baridi yanayomfika kiunoni, kando ya mtu asiyemwona, anayeulizwa mgeni akizama ni meneja. Alifanya alichopaswa. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mdogo wake? Mfungaji? Unaweza kumchagulia daktari?"

Mweusi mdogo nilikuwa naye kwenye kijaluba, safu ya mwisho. Lakini nilipomtazama nikaona nimempa mabawa mengi, angeelea kama kizibo cha chupa. Samaki walikuwa wanafyonza, fyu, fyu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikalifungua lile gazeti, nikatoa mmoja wa kaka: mweusi, mkongwe, ametafunwa, mwili wa uzi tu na kishungi kidogo kichwani. Nikamfungia daktari mwenyewe. Kufunga ndiyo kazi yangu.

Alimrusha mara tatu. Mara ya tatu mshipi ukakazika, ufito ukapinda, na daktari akaanza kupiga kelele kama anang'olewa yeye jino. Samaki alikuwa mzuri, mnene, tumbo la manjano. Meneja alimshika kwenye wavu, akamtazama yule nzi mdomoni mwake, akanitazama mimi.

"Umejuaje kuwa ni huyu mkongwe, si wale wazuri?" akauliza.

Jibu lilikuwa tayari. Sikujua mimi, amejua yeye, yule aliyekaa kwenye jiwe. Kaambiwa na masikio yake, na nzi ni wake, nimemng'oa kwenye safu yake leo asubuhi. Maneno mafupi. Hata mtu wa darasa la sita angeyamaliza kwa pumzi moja.

Nikasema, "Bahati tu, mama."

Mtu akisema bahati tu, watu husikia kwamba ni fundi mwenye adabu. Nilijua hivyo wakati nasema.

Siku mbili baadaye meneja alituma mtu karakana. Alitaka nishike nafasi ya kaka mpaka msimu uishe. Jioni nikaenda kwao. Shemeji alinifungulia mlango na hakuniambia karibu.

"Ulikuwa unanoa ndoana?"

"Shemeji, sikujua kama..."

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu unafanya nini. Ungesema, ningekuja kukupiga na mwiko, na leo mume wangu angekuwa kazini." Alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo, anakikamua ingawa kilikuwa kikavu. "Wiki tisa, shemeji. Wiki tisa tu. Ulishindwa nini kuacha kitu cha mtu mahali ulipokikuta?"

Kaka akaita kutoka sebuleni. "Muache aingie. Atasimama mlangoni mpaka lini, kwani ni mwuza sabuni?"

Nikakaa. Nikamwambia nilitaka kumsaidia.

"Ulitaka waone nzi wako," akasema. Hakusema kwa hasira. "Wamewaona. Hiyo nafasi ichukue. Bora wewe kuliko mtu wa mbali. Mwambie meneja ni mpaka nipasuliwe."

Nikaichukua. Na kusema kweli sikuijua kazi hata kidogo. Nilijua kufunga nzi, sikujua kuchagua. Wiki ya kwanza niliwapa wageni rangi nilizozipenda na walirudi mikono mitupu. Kwa hiyo nikaanza kupita kwa kaka kila jioni, na yeye, kwenye kiti chake, amefumba macho yasiyomsaidia kitu, alikuwa ananiuliza: jana mvua ilinyesha huko juu? Maji yamechafuka? Basi kesho tumia mkubwa, mweusi, mzito, samaki hamwoni anamhisi. Upepo umevuma ziwani? Simama upande unaopelekewa mawimbi, wadudu wanakusanyika huko. Umegeuza mawe? Mangapi? Moja? Usigeuze moja, bwana mdogo, jiwe moja ni sawa na kuuliza njia kwa mlevi. Ukimpata samaki wa kwanza mpasue tumbo, utazame alichokula, usibishane naye.

Kila jioni, mpaka siku ya upasuaji. Hakunificha hata kitu kimoja. Wageni wakaanza kupata samaki. Daktari wa meno akarudi akaniulizia mimi. Kambini wakaanza kuniita Fundi.

Alipasuliwa macho, yakapona yote mawili. Siku walipomfungua bandeji alimtazama mkewe muda mrefu, kisha akasema, "Hizi mvi umezitoa wapi bila kuniambia?" Shemeji akacheka mpaka akalia. Mimi nilikuwepo. Aliponitazama mimi, alinigusa bega tu.

Wiki ileile nilikwenda kwa meneja. Hilo nililifanya. Nikasimama mbele ya meza yake, kofia mkononi, nikamwambia kaka ameshapona, anaona kama kijana.

"Nimefurahi sana," akasema, na niliona amefurahi. "Na wewe unataka kuondoka?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilidhani atasema ndiyo au hapana na mimi nitapeleka jibu nyumbani kama tarishi. Dirishani nyuma yake niliona mto, na fito zimeegemezwa ukutani, na nikakumbuka chumba kirefu cha karakana, feni isiyowashwa, shingo inavyouma ifikapo saa tisa.

"Sijasema hivyo," nikajibu.

"Basi," akasema. "Nafasi ni moja."

Nikamwambia kaka kwamba kambi imekataa. Alisema sawa. Sasa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anapima misumari na kukata mabomba. Anavaa aproni ya bluu inayomfikia juu ya magoti, kwa sababu ya miguu yake. Watu wa duka wanampenda. Sijui kama meneja alishakutana naye mjini akamwambia mambo yalivyokuwa. Mji wetu ni mdogo. Ninachojua ni kwamba nilipopita jioni moja kumwuliza nitumie nzi gani kesho, alisema, "Mimi siko mtoni, nitajuaje?" Alisema vizuri tu, huku anatafuta kijiko cha sukari. Sikuuliza tena.

Mwezi uliopita nilimwomba twende ziwani, siku yangu ya mapumziko, sisi wawili tu. Nilitegemea atakataa. Alikuja. Alivaa koti lake la zamani na alitembea mbele yangu kwenye njia ya mawe, akikanyaga palepale alipokuwa akikanyaga wakati haoni. Ukingoni akasimama, akalitazama ziwa kwa yale macho mapya, muda mrefu sana. Samaki walikuwa wanakula kila mahali. Maji yalikuwa yanachoreka mduara hapa, mduara pale.

Nikakifungua kijaluba changu, nikamnyooshea.

"Chagua, kaka."

"Chagua wewe. Ndiyo kazi yako."

Nikatega masikio, nikasikiliza. Siku nyingine huwa nasikia. Siku ile nilikuwa nasikia pumzi yangu tu.

"Wanakula nini?" nikamwuliza.

"Wanakula," akasema.

Nikachagua mdogo wa kahawia, nikamrusha. Hakuna. Nikabadilisha, nikaweka wa kijivu. Samaki walimpita kulia na kushoto. Nikabadilisha tena. Yeye alikaa kwenye majani, miguu ameikunja, akinitazama mikono, na kila nilipofunga nzi mpya nilimwona kwa pembe ya jicho akifumba midomo. Alikuwa anajua. Alijua tangu tulipofika, pengine kabla hatujalifikia ziwa, na neno lilikuwa moja tu, ukubwa au kina, na alikaa nalo.

Jua lilipopanda samaki waliacha. Akasimama, akajikung'uta majani, akasema ana zamu dukani mchana na hataki kuchelewa.